Je, nimlipe wakala amwombee binti yangu mkopo wa masomo?

Mzazi wa Likoni:
Asalaam aleykum, ndugu zangu. Binti yangu amepangiwa na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, nafasi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na sasa tunatakiwa kuomba ufadhili na mkopo wa serikali mtandaoni. Wakala mmoja wa mtaani anadai shilingi 3,000 za kuanzia, kisha asilimia 10 fedha zitakapotoka, kwa ahadi kwamba atatuingiza katika daraja la wenye uhitaji mkubwa. Mambo ya tovuti siyajui, na ninachelea mwanangu akose masomo kwa sababu ya fomu. Je, nimlipe?

Mwalimu, Kisauni:
Waaleykum salaam. Usimlipe, ndugu yangu, kwani anakuuzia kisicho chake. Daraja hukadiriwa na mfumo kutokana na hali ya familia: kipato cha wazazi, watoto wangapi wanasomeshwa, mwombaji alisoma shule ya aina gani, kama ni yatima au ana ulemavu. Wakala hawezi kulibadilisha ila kwa kuandika uongo, na uongo huo utasomeka kwa jina la binti yako.

Hiyo asilimia 10 ndiyo inayoniuma zaidi. Karo hupelekwa chuoni moja kwa moja, na kinachomfikia mwanafunzi mkononi ni fedha za kujikimu tu. Kwa hivyo wakala atakuwa anakata chakula na nauli ya mtoto, tena katika mkopo ambao mtoto mwenyewe ataurejesha kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kuomba ni bure. Nendeni Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, pale Posta Kuu, Barabara ya Digo, mkaulizie watu wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili:
Shikamoo, baba. Naafikiana na mwalimu, ingawa sioni ubaya wa kumlipa mtu wa saiba ujira wa kuskani vyeti na kuchapa, mradi binti awe ameketi hapo hapo, na atumie baruapepe yake na laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Mkopo huombwa upya kila mwaka, na anayeshika nywila ndiye mtakayemrudia kila mwaka. Chukueni vitambulisho vyenu na vya wadhamini, pamoja na nambari yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Daraja lisipolingana na hali yenu, rufaa hukatwa kwenye tovuti hiyo hiyo.

Mzazi wa Likoni:
Ahsanteni sana. Tatizo ni kwamba wakala amekwisha kuchukua nakala za vitambulisho vyetu.

Mwalimu, Kisauni:
Basi binti afungue akaunti yake leo, kabla hajatanguliwa. Akiambiwa kwamba tayari kuna akaunti kwa jina lake, aende mwenyewe kwa HELB na kitambulisho halisi, aeleze kwamba akaunti hiyo hakuifungua yeye, na asijaze chochote mpaka irekebishwe.