Wapendwa, kutembea kwenye theluji na kumtafakari Mungu ni sala, au naanza kuabudu miti?

Mwangaza_Mdogo (mleta uzi):
Habari zenu wapendwa. Naishi sehemu yenye kipupwe kikali. Tangu Majilio nimekuwa nikitoka asubuhi bila simu, nasimama mbele ya mti uleule na kuutazama hadi nione kitu ambacho jana sikukiona. Inaweza kuwa nyayo za sungura, barafu kwenye ukingo wa jani kavu, au matumba meusi kwenye ncha za matawi. Namshukuru Mungu kwa hicho kimoja, kisha narudi ndani kuandika kwenye daftari. Kuna ndege mdogo wa kifua chekundu ambaye huimba hata giza likiwa bado zito, naye namtaja kwenye sala. Sasa dada mmoja wa jumuiya ameniambia huo ni mlango wa upagani, na tangu hapo silali vizuri. Naombeni ushauri.

Soksi_za_Sufu:
Dada, kwanza afya. Vaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya koti zito peke yake. Ya ndani isiwe pamba, maana pamba ikilowa jasho inakugandisha. Sala ya mtu anayetetemeka huwa fupi sana.

Mjoli_wa_Bwana:
Warumi 1:25, watu walikiabudu kiumbe wakamwacha Muumba. Unaanza na mti, unaishia na hirizi. Biblia inatosha.

Baba_Wawili:
Mjoli, Biblia hiyohiyo ina Zaburi 147 yenye theluji kama sufu, na Ayubu 38 ambako Mungu anauliza kama Ayubu amewahi kuingia kwenye ghala za theluji. Angetaka tusiitazame asingeuliza.

Mimi baridi ilinifunza kusali. Nilikuwa zamu ya usiku, nikitoka kazini natembea kwa miguu. Theluji mpya ikianguka inameza sauti, kwa sababu ina nafasi nyingi za hewa kati ya chembe zake. Mji mzima ulikuwa unanyamaza. Nilianza kwa "Baba Yetu" nikijisikia mwenyewe kila neno, kitu ambacho kanisani sikuwahi kukipata. Hata mke wangu aliona nimebadilika, nikaacha kugombana na shemeji.

Kisima:
Mleta uzi, swali dogo tu. Unatoka saa ngapi siku ya Jumapili?

Mwangaza_Mdogo:
Saa za kawaida.

Kisima:
Saa za kawaida ndiyo saa ya ibada?

Mwangaza_Mdogo:
Sawa, nitasema. Ndiyo, ni saa ya ibada. Tulimzika mama mwezi wa kumi. Niliporudi kanisani kila mtu ananiuliza kama nimeshapoa, na mmoja aliniambia Mkristo halii hivyo kwa sababu ana tumaini. Nyimbo zikianza siwezi kufungua kinywa. Mti hauniulizi kitu. Nafundisha darasa la watoto la Jumapili, na nimeshaandika barua kwa mzee wa kanisa kwamba naliacha, na ibada pia, mpaka baada ya Pasaka. Sijaipeleka.

Lakini msiniambie nimeliacha kanisa. Ayubu alipofiwa, waliomchosha kwa maneno ni marafiki zake. Mungu alimjibu kwa theluji, mvua ya mawe na makinda ya kunguru.

Mjoli_wa_Bwana:
Pole kwa msiba. Waebrania 10:25, tusiache kukusanyika. Hiyo haina msimu.

Nesi_Mstaafu:
Pole sana mwanangu. Huzuni inayorudi kila kipupwe ilielezwa kitabibu na Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984, na uhaba wa mwanga unahusika. Msiba ni jambo jingine, ila viwili vikikutana vinakuelemea. Toka hata mchana jua likiwepo. Ukiendelea kukosa usingizi, muone daktari, si dhambi.

Chonjo:
Wakuu, mbona mnalia na hadithi? Hii ni chai. Huyu hajawahi kuona kipupwe. Matumba hutoka majira ya kuchipua, siyo katikati ya baridi. Na ndege gani anaimba gizani theluji ikiwa chini? Mama aliyekufa kaongezwa baada ya uzi kupoa.

Soksi_za_Sufu:
Hata mimi nilishtuka pale kwa ndege.

Mtunza_Bustani:
Chonjo, umekosea yote mawili. Miti mingi inayopukutisha majani hutengeneza matumba ya mwaka ujao majira ya joto, majani ya sasa yakiwa bado ya kijani. Tumba lina magamba ya kulilinda, na ndani yake jani limeshakunjwa. Majani yakianguka ndipo unaliona. Majira ya kuchipua linafunguka tu. Na yule ndege wa kifua chekundu wa Ulaya huimba kipupwe chote, dume na jike, kulinda eneo lake. Karibu na taa za barabarani huimba hata usiku. Mtu anayetunga angeandika mti mkavu na ukimya. Huyu ameandika alichokiona.

Chonjo:
Nimesoma, nimekubali kuhusu mti. Dada, pole kwa mama.

Kisima:
Kuna Ndugu Lawrence, mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Paris, aliyefariki 1691. Akiwa na miaka 18 aliona mti usio na jani katikati ya kipupwe, akawaza kwamba majani yatarudi, kisha maua na matunda. Pale uweza wa Mungu ukamwingia moyoni na haukumtoka tena. Kwa hiyo dada wa jumuiya amekosea, hiyo ni njia ya Wakristo tangu zamani. Ila tazama alikoishia. Miaka mingi alikuwa jikoni mwa monasteri akiwapikia wenzake, na baadaye akawatengenezea viatu. Hakubaki chini ya mti.

Na Ayubu uliyemtaja, malizia sura ya 42. Baada ya theluji na kunguru alirudi kuwaombea marafiki walewale waliomchosha.

Mwangaza_Mdogo:
Alirudi baada ya Mungu kumaliza kusema naye. Mimi sijui kama amemaliza. Matembezi siachi.

Mtunza_Bustani:
Nani kakuambia uache? Nenda mapema, kabla ya ibada. Na kabla ya kuipeleka hiyo barua, watoe watoto nje siku moja, wafungue tumba moja kwa kucha waone kilichomo. Huenda hutahitaji kuimba siku hiyo.

Baba_Wawili:
Wangu wangependa sana. Wawe na glavu tu.

Mwangaza_Mdogo:
Sehemu ya darasa nitaifuta kwenye barua. Ya ibada bado. Nikikaa mle ndani wakiimba, nifanye nini na uso wangu?

Mjoli_wa_Bwana:
Mpigie mzee wa kanisa simu kabla ya Jumapili, barua ni nzito kwa anayeipokea. Mwambie kwa sasa huwezi kuimba. Kaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na ukitaka kulia, lia. Bwana mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro.