Amplifaya ya disko la harusi kuitia sebuleni: inafaa, au nichukue kibodi (bodi ndogo ya amplifaya)?

mwana_malindi
Assalaamu alaykum wadau. Kuna mpiga disko wa harusi anauza QSC RMX 850 yake kwa laki mbili na nusu. Chuma kweli: wati 200 kila upande kwenye omu 8, klasi AB (mtindo wa saketi unaotoa joto), ukitaka kuinyanyua ujipange. Miye nataka kusikilizia taarab tu, spika mbili ndogo za rafu. Tatizo, alipoiwasha feni ilivuma kama mashine ya kukunia nazi. Pale kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) inapopiga taksimu, yaani utangulizi wa kubuni, peke yake ntasikia nini?
Chaguo la pili ni kile kibodi cha chipu ya TPA3116. La tatu, resiva ya Kijapani aliyoiacha ami yangu stoo. Nishaurini.

fundi_mlandege
Waalaykumu salaam. Chukua chuma. Feni si ugonjwa: mashine ile imeundwa isukume spika za ukumbini usiku kucha, wewe sebuleni hutofika hata wati tano, na chuma cha kupozea hakitopata zaidi ya uvuguvugu. Tia feni ya ukubwa uleule, ya mzunguko wa taratibu. Lakini pima volti za feni ya zamani kwanza, usikisie. Nshafungua mashine zenye feni za volti 12, nyengine 24, nyengine feni inakula umeme wa ukutani moja kwa moja. Mshale wa upepo uelekee kulekule ulikokuwa. Na usiing'oe ukaiacha bila feni, watu hufanya hivyo halafu wananiletea.

Kabla ya kutia mkono ndani: chomoa, halafu yamalize moto yale makapasita makubwa kwa risista. Bisibisi usithubutu. Yanakaa na umeme hata kama waya umeshachomolewa.

chaja_ya_laptop
Fundi anatetea riziki yake 😀 Kibodi changu nakilisha kwa chaja ya laptop ya volti 19, hakina feni, na kinakaa kwenye rafu pembeni ya msahafu. Umeme ukikatika naunga betri ya sola ya volti 12, mziki unaendelea, jirani ananiuliza nimenunua jenereta lini.

fundi_mlandege
Sikatai. Kwa volti 12 nguvu inashuka lakini kwa chumba yatosha. Ila chaja rahisi zina mluzi wake, na ukisikilizia spika uliyoikaribia utausikia baina ya nyimbo.

Mpemba wa Wete
Ahlan. Kuhusu resiva ya ami, kabla hujaichomeka igeuze usome nyuma. Kama ilitengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, na sisi ukutani tuna 230. Yangu niliichomeka bila kusoma, ikapiga "pu!", moshi ukatoka kwenye matundu ya juu, na mama watoto akasema harufu hiyo haitoki mpaka mwezi muandamo. Ikiwa ni volti 100 tafuta transfoma ya kushushia, iliyo kubwa kuliko unavyodhani. Hata hiyo QSC isome, zinakuja za Marekani za volti 120.
Ikiwa resiva ni ya 230, mie ningeichukua hiyo. Ina tundu za RCA (zile za plagi za duara, nyekundu na nyeupe) na kitufe cha sauti mbele, huhitaji kushika kitu.

binti_kikwajuni
Ninayo RMX 850 mwaka wa pili sasa. Feni watu wameisema, waya hakuna aliyeugusa. CD inatoa RCA, na simu pia kwa waya wake wa kuungia, ile inapokea XLR (plagi ya pini tatu). Tengeneza waya hivi: ncha ya kati ya RCA iende pini 2, gao (waya wa nje unaozunguka) liende pini 1, na pini 3 uiunge na pini 1. Pini 3 isibaki inaning'inia. Na ukisikia mvumo usikate mguu wa ardhi kwenye plagi kama wanavyofanya vijana wa mitaani, mvumo utatulia na wewe pia.

Sasa kisa changu. Siku mbili nzima nasikia udi na fidla vyote vimekaa katikati, hamna kulia wala kushoto. Nikalaumu spika, nikazihamisha, nikamlaumu hata aliyerekodi. Kumbe nyuma kuna safu ya viswichi vidogo, na mwenyewe wa zamani aliviacha vimeunganisha upande mmoja na wa pili, maana yeye harusini alikuwa anapiga mono, sauti ileile pande zote mbili. Humo humo kuna kichujio kinachokata besi ya chini ya hezi 30 au 50, nacho kilikuwa kimewashwa. Ukiinunua anza hapo.

udi_na_ubani
Na zile opampu (vichipu vya kukuza sauti) za ndani si ubadilishe kabisa?

fundi_mlandege
Za nini? Pesa hiyo tia kwenye feni nzuri na dawa ya kupuliza ya kusafishia vitufe. Malindi chumvi ya bahari ipo hewani saa zote, vitufe vya sauti vitakwaruza kabla opampu hazijaharibika.

Mwana Malindi, ukiiwasha mara ya kwanza pitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya, si LED. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, salama. Ikibaki inang'aa, zima.

mwana_malindi
Nimeichukua kwa laki mbili na ishirini, imeandikwa 230. Resiva ya ami ni ya volti 100, imerudi stoo. Ndani nimekuta mjusi kafiri mkavu na vumbi la harusi za miaka, lina hata vimetameta vya dhahabu. Balbu imefifia. Viswichi, kama alivyosema dada, vyote vilikuwa vya mono.

Feni mpya nimeitia jana. Saa tano usiku nikaweka kanuni, nikakaa. Kelele iliyobaki ni feni ya dari.