Kikundi: Nyumba ya Dani (nyanya yetu), Kisumu

19:02 Anti Rosa: Watu wa nyumbani, tumetoka kliniki na Baraka. Si aleji. Amerithi ugonjwa wa kinga, unaitwa Wiskott-Aldrich. Ndio unaoleta ukurutu, masikio kutoa usaha na damu za pua.

19:04 Anti Rosa: Watoto hawa hupata limfoma, saratani ya tezi za limfu, kwa urahisi kuliko wengine. Kirusi kinachoweza kuileta, Epstein-Barr, tunacho karibu sote. Kinga dhaifu haiwezi kukizuia. Tezi ikivimba bila kuuma, tumbo likifura, homa isiyoisha, jasho la usiku: hospitali siku hiyo hiyo, si Panadol.

19:06 Anti Rosa: Ugonjwa huu unapita kwa mama, naye haugui. Kila mvulana ni nusu kwa nusu. Pamela, leta wako Jumanne wapimwe. Neema apimwe kama uboho wake unalingana na wa kakake Baraka, ili aweze kumpa.

19:50 Anti Rosa: Kumi na saba mmesoma. Jibuni.

20:40 Odhis: Anti, uboho wangu umejaa omena, utafaa? 😂

20:41 Kevo: Omena ya Dunga ama ya sokoni? 😂 Gor wamefunga?

20:44 Anti Rosa: Odhiambo, leo nimemshika huyu mtoto pua ikitoka damu dakika arobaini. Leso yangu yote imelowa.

20:46 Odhis: Pole, Anti. Jumanne nitawabeba na gari.

21:10 Jane: Kwa hivyo Ouma hakurogwa.

21:11 Jane: Mamangu alifukuzwa hapo boma eti kwa sababu ya jicho lake baya. Akazikwa bila hata mmoja wenu kumwaga udongo.

21:13 Pamela: Jane, si leo.

21:38 Akinyi: Dani anasema, mimi naandika tu: "Ouma nilimzaa mimi. Miguu ilikuwa na vidoa vyekundu kama ameumwa na siafu. Mwishowe shingo ikavimba. Nilimsingizia mke mwenzangu. Nilikosa, Jane. Jumanne nitakuja na hao wavulana mimi mwenyewe."

22:20 Lilian: Asante, mama. Rosa, na matone ya polio wiki ijayo?

22:21 Anti Rosa: Baraka asipewe. Ni chanjo hai, ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Usikubali hata wakibisha mlangoni, mpaka daktari aseme.

22:47 Pamela: Wangu wana mtihani Jumanne. Alhamisi haiwezekani?

22:48 Anti Rosa: Jane, dada yangu, uko?

23:15 Kevo: Nauli ya Dani nimetuma.

23:16 Pamela: Kwa hivyo ni Jumanne ama Alhamisi?