Mjadala: Serikali ikiweka utafiti kando, iwajibike kueleza sababu? Miaka 40 ya lugha ya kufundishia Tanzania

Mtoa mada

Ndugu zangu, salaam. Hoja hii imenikaa rohoni muda mrefu, naomba tuijadili kwa hoja.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilitoa ripoti yake. Ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza mwaka 1985, kisha kiendelee hadi chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Haukupita muda, serikali ikatangaza kwamba Kiingereza kinabaki sekondari. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu. Walikuta takribani asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne wamefikia kiwango ambacho mtu angetegemea wawe nacho siku wanapoanza kusoma kwa Kiingereza. Yaani mtoto anamaliza sekondari bado hajafika pale alipotakiwa kuanzia. Pamoja na matokeo hayo, wataalamu hao hao walishauri Kiingereza kiendelee, na ukafuata mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza kwa fedha za Uingereza.

Tafiti hazikuishia hapo. Miaka ya 2000 mradi wa LOITASA, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Norway na Afrika Kusini, ulilinganisha madarasa yanayofundishwa kwa Kiswahili na yale ya Kiingereza. Prof. Martha Qorro, mtafiti wa lugha ya kufundishia, ameandika na kusema juu ya jambo hili kwa miongo. Kule Zanzibar mradi wa SPINE ulichukua maswali ya mitihani na kuona wanafunzi walioacha nafasi wazi kwa Kiingereza wakieleza jambo lile lile kwa Kiswahili bila shida.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikasema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na papo hapo ikasema matumizi ya Kiingereza katika kufundishia yataendelea kuimarishwa. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa mapema 2025, limekibakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari.

Sasa hoja yangu. Serikali ina haki ya kuamua kinyume cha watafiti. Watafiti hawapigiwi kura, na sera hubeba mambo mengi ambayo mtafiti hayaoni: fedha, vitabu, hofu za wazazi, mahusiano na nchi nyingine. Ninachokataa ni kuamua bila kuandika sababu. Mzazi wa Nachingwea akitaka kujua ni ushahidi gani uliotuvusha kutoka sentensi ya 2014 kwenda sentensi ya 2023, aende ofisi gani, aombe waraka gani? Waraka wa Baraza la Mawaziri ni siri. Kila sera inayogusa mamilioni ya watoto iambatane na maelezo ya wazi: utafiti huu tuliusoma, huu tumeufuata, huu tumeuacha kwa sababu hizi.

Mnasemaje?

Mama wa watatu, Mbagala

Mtoa mada, nimekusoma hadi mwisho, ila nakupinga mapema. Hao maprofesa wanaotuambia Kiswahili, watoto wao wanasoma wapi? Mimi nauza mihogo na chapati ili yule wa kwanza asome inglishi midiamu. Ukipita hapa mtaani saa kumi na moja alfajiri utawaona wanangu na wa wenzangu wakisubiri basi la shule wakiwa na usingizi machoni. Hatufanyi hivyo kwa ujinga. Tangazo la kazi la hoteli, la benki, la kampuni ya madini linataka Kiingereza. Huo nao ni ushahidi, tunaukusanya sisi wenyewe kila siku. Ukibadilisha sera kwa ajili ya tafiti zenu, mtoto wa tajiri ataendelea na Kiingereza chake shule ya kulipia, wangu ndiye atabaki.

Mwalimu wa fizikia, shule ya kata, Singida

Dada wa Mbagala, ninakuheshimu sana, na hofu yako ni ya kweli. Naomba nikuonyeshe kinachotokea kwa yule mtoto ambaye mama yake hana hela ya basi la shule.

Anakuja Kidato cha Kwanza kutoka shule ya msingi ya Kiswahili. Darasa la Sita alijua vizuri kwa nini kiatu chenye soli iliyolika kinateleza, na msuguano alikuwa anaueleza kwa mdomo wake. Mwezi wa pili kwangu nampa swali hilo hilo kwa Kiingereza. Anachukua maneno ya swali, anayapanga upya, anayarudisha kwangu kama jibu. Daftari zima liko hivyo. Nikisahihisha nampa sifuri, na sifuri hiyo inakwenda kwenye ripoti kama kwamba hajui fizikia.

Darasani mimi nafanya wanavyofanya karibu walimu wote: naandika ubaoni kwa Kiingereza, naeleza kwa Kiswahili, natunga mtihani kwa Kiingereza. Mkaguzi akiingia nabadilika, na darasa linanyamaza kimya hadi atoke. Kila mtu kwenye mfumo analijua hili. Kwa hiyo hata takwimu zinazosema tunafundisha kwa Kiingereza zinapima kitu ambacho hakipo.

Mnakumbuka matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012? Zaidi ya watoto laki mbili walipata daraja sifuri, yaani walifeli. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakapangwa upya Mei 2013. Mjadala wa nchi nzima ukawa juu ya viwango vya kupanga alama, walimu wavivu na maabara. Zote ni sababu za kweli kwa sehemu yake. Lakini lugha iliyowafanya watoto wale washindwe kulisoma swali lenyewe iliguswa kidogo, ikapita.

Mstaafu wa idara ya afya, Pwani

Wanangu, mnazungumza kama kwamba serikali yetu haijawahi kusikiliza utafiti. Imewahi, tena vizuri kuliko nchi nyingi. Nitawakumbusha mradi wa afya wa TEHIP, Rufiji na Morogoro, kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC.

Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba wakiandika vizazi na vifo, maana wengi walifia nyumbani na kumbukumbu za zahanati hazikuwaonyesha. Familia ikisema mtoto amefariki, wanauliza dalili zote hadi wajue ni ugonjwa gani. Matokeo yakawekwa kwenye michoro rahisi: huku mzigo wa kila ugonjwa, huku fedha ulizopewa. Morogoro ilionekana malaria inachukua takribani asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea kwa watu kufa mapema, wakati bajeti ya 1996 iliipa asilimia 5 tu. Hakuna aliyehitaji kubishana baada ya kuuona mchoro ule. Timu ya wilaya ilipewa nyongeza ndogo, isiyozidi dola mbili kwa mtu kwa mwaka, ikaihamishia kwenye vyandarua na mafunzo ya kutibu watoto wagonjwa. Katika miaka mitano vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Sasa jiulizeni kwa nini utafiti ule uliingia kwenye bajeti na huu wa lugha haukuingia. Naona sababu ni mbili. Ya kwanza, waliouletewa ushahidi ndio waliokuwa na kalamu ya bajeti mkononi, na matunda yalionekana ndani ya mwaka. Ya pili ni nzito zaidi: hakuna mzazi aliyekuwa na ndoto ndani ya bajeti ya malaria. Kwenye lugha kila mzazi ana ndoto, na mwanasiasa anaisikia ndoto kabla hajasoma jedwali.

Mwalimu kutoka Kakamega

Salamu kutoka Kenya. Naunga mkono hoja, lakini niwape tahadhari, maana sisi tumeumia kwa upande wa pili.

Magharibi mwa Kenya ulifanyika utafiti mashuhuri ulioonyesha kwamba shule zikiajiri mwalimu wa ziada kwa kandarasi, wanafunzi wanafanya vyema. Ushahidi ulikuwa safi. Serikali ikaukumbatia, ikaanza mpango wa walimu 18,000 wa kandarasi. Wakati huo huo watafiti wakapima mpango huo katika mikoa yote minane. Kundi moja la shule lilisimamiwa na shirika la World Vision, lingine na serikali yenyewe. Walimu wa aina moja, mkataba wa aina moja. Kwa World Vision alama zilipanda. Kwa serikali hazikusogea hata kidogo. Mishahara ilichelewa, usimamizi ukalegea, na chama cha walimu, KNUT, kilikuwa kimeingia kwenye mapambano ya kutaka waajiriwe kwa masharti ya kudumu. Niseme wazi kwamba walimu wale walikuwa na haki ya kudai.

Kwa hivyo serikali ikisema inafuata utafiti, iulizeni pia: utafiti huo ulipimwa mikononi mwa nani? Darasa kumi zinazofundishwa kwa Kiswahili na watafiti wa chuo kikuu si sawa na wizara kuchapisha vitabu vya nchi nzima.

Kuhusu pendekezo la mtoa mada, kwetu kuna kitu kinachokaribia. Sheria yetu ya kanuni ndogo ya 2013 (kanuni zinazotungwa na mawaziri na taasisi chini ya sheria za Bunge) inataka taarifa ya athari iandaliwe na kutangazwa kabla ya kutunga kanuni itakayobebesha wananchi gharama kubwa, na mahakama zetu zimewahi kubatilisha sheria kwa kukosa ushirikishwaji wa umma. Inasaidia. Ila mara nyingine taarifa huandikwa uamuzi ukishafanyika.

Mchambuzi wa takwimu, Dodoma

Mimi nina jambo moja. Huwezi kudai serikali ieleze utafiti ilioutumia ikiwa mtafiti mwenyewe anaogopa kutoa matokeo. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kusambaza takwimu zinazopingana na za serikali, na adhabu ikajumuisha kifungo. Benki ya Dunia ililalamika hadharani. Mwaka 2019 kipengele hicho kikalegezwa, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini hofu haitoki kwa tangazo la gazeti la serikali. Nimewaona vijana wazuri wakihamia mada zisizo na ubishi.

Mtoa mada

Nawashukuru wote. Nimejifunza, nami nijibu yaliyo makubwa.

Mama wa Mbagala, hujakosea hata kidogo kumtakia mwanao Kiingereza. Tafiti zenyewe hazikatai Kiingereza. Zinasema kukifundisha vizuri kama somo ni jambo moja, na kukifanya ukuta mbele ya fizikia na historia ni jambo lingine. Tena zipo njia za katikati ambazo hata hatuzizungumzii: Chuo Kikuu cha Dodoma, Aga Khan na Bristol, wakishirikiana na Taasisi ya Elimu Tanzania, waliandaa sura za vitabu vya Kidato cha Kwanza zenye Kiingereza chepesi, picha, na maana za maneno magumu kwa Kiswahili. Mtoto anafika kwenye Kiingereza akiwa ameelewa somo. Kama serikali imeamua Kiingereza kibaki, kwa nini vitabu vya namna hiyo visiwe haki ya kila shule ya kata? Hapo ndipo maelezo ya wazi yangemsaidia yule mtoto wa Singida, maana anayeandika sababu za kuacha njia moja analazimika kusema amechagua ipi na itagharimu nini.

Mzee wangu wa Pwani, sababu yako ya pili nimeikubali, na ndiyo inayonifanya nisisitize uwazi. Ndoto ya mzazi iandikwe kwenye waraka. Serikali iseme: tumeona tafiti, lakini wazazi wengi wanataka Kiingereza, na tumewasikiliza wao. Hiyo ni sababu halali kabisa ya kisiasa. Ikiandikwa, tunaweza kuipima: je, wazazi walielezwa kinachotokea kwenye daftari la Kidato cha Kwanza kabla ya kuulizwa?

Ndugu wa Kakamega, hatari ya kuandika taarifa baada ya uamuzi ni kweli. Ndiyo maana nataka ipelekwe kwa kamati ya Bunge inayohusika na elimu miezi sita kabla ya sera kupitishwa, ikiwa na orodha ya tafiti na majina ya waliohojiwa, na watafiti waitwe kuhojiwa mbele ya waandishi wa habari. Anayepinga pendekezo hili aniambie: gharama yake ni ipi, na ni nani atakayeumia likitekelezwa?