Mwanangu anajibu Kiswidi tu, nifanyeje?

MamaWawili: Habari zenu. Tulihamia hapa Malmö, Uswidi, kutoka Tanga kijana akiwa na miaka mitatu, sasa ana saba. Nikimwambia "lete kijiko" analeta, lakini majibu yote Kiswidi. Juzi bibi yake kapiga simu, mtoto kasema "shikamoo" kisha kanirudishia simu. Bibi kanyamaza. Roho iliniuma. Mwalimu anasema tumwache kwanza azoee. Nyie mlifanyaje?

BabaK: Pole dada. Omba somo la lugha ya mama, lipo kisheria tangu 1977. Manispaa inalazimika kulitoa wakifika watoto watano wa lugha hiyo na mwalimu akipatikana. Sisi tulikuwa wanne, nikazunguka kwa Wakongo mpaka nikampata wa tano! Kiswahili chao si kama chetu, ila watoto hata hawakujali.

BiMkubwa: Somo mara moja kwa wiki halitoshi, msidanganyane. Wangu akiniomba kitu kwa Kiswidi, sisikii. Chapati zilipoa siku mbili, ya tatu akasema "naomba".

MamaWawili: Hahaha! Kesho napika maandazi. Fomu naipata wapi?

BabaK: Anza kwa mkuu wa shule.