Wimbo niliompa mwimbaji mwingine, niuimbe tena kwenye albamu yangu?

Kinanda_Pekee: Habari zenu wakuu. Miaka yote hii nimekuwa mtunzi tu: naandika, wengine wanaimba. Sasa nina nyimbo tisa za roki laini, zote zimesimama juu ya piano, na nimeamua kutoa albamu kwa jina langu. Mambo mawili yananinyima usingizi. Wimbo wangu mmoja uliimbwa na dada mwenye sauti ya kupasua paa, ukapendwa sana. Nautaka kwenye albamu, ila sauti yangu mimi ni ya mtu anayepiga soga barazani. Halafu produsa anataka kuujaza kila wimbo violini, kwaya na ngoma za kompyuta. Anasema bila hivyo zitasikika kama demo, yaani rekodi ya majaribio. Nimkubalie?

Besi_Nene: Mkuu, isikilize Tapestry, albamu ya Carole King, mtunzi na mpiga piano wa Marekani, mwanzo hadi mwisho, bila kurukaruka. Ni ya 1971. Naye alianza kwa kuwatungia wengine, akishirikiana na mumewe wa kwanza, Gerry Goffin. "Will You Love Me Tomorrow" (yaani, utanipenda kesho?) waliuimba The Shirelles, kundi la wasichana, ukafika namba moja Marekani 1961. "A Natural Woman" akapewa Aretha Franklin, mwenye sauti kubwa ajabu, 1967. Sasa nani ashindane na Aretha? Carole wala hakujaribu. Aliuweka mwisho kabisa wa albamu, piano yake na besi, akauimba kama anajisemea mwenyewe. Ule wa Shirelles akaupunguza mwendo, na waimbaji wenzake James Taylor na Joni Mitchell wakamwitikia. Maneno yaleyale, ila unamsikia mtu mzima aliyekwisha kuumizwa anauliza swali la msichana.

Na hilo neno demo lisikutishe. Lou Adler, produsa wake, alizipenda demo za Carole na alitaka albamu ibaki na hali ileile, kama vile uko naye chumbani. Ilikaa namba moja wiki 15 mfululizo.

Mama_Alto: Besi_Nene, usimpoteze mwenzio. Albamu ile si piano tupu! Ina wapiga violini, ina ngoma, kuna saksofoni kwenye "It's Too Late" na filimbi kwenye "So Far Away". Tofauti ni kwamba kila chombo kinangoja zamu yake. Mdogo wangu, usimkatalie produsa kila kitu. Mwulize kila violini inaingia mstari gani, na inasema nini ambacho piano haijasema. Akikosa jibu, itoke.

Kuhusu sauti, umejaribu kushusha kii, yaani kuuimba wimbo chini zaidi? Mnatuletea nyimbo kwaya nzima inakabwa koo, kumbe mtunzi aliziandika kwa kii ya mtu mwingine.

Karani_wa_Muziki: Kabla ya kii, soma mkataba. Kutunga wimbo na kumiliki rekodi yake ni haki mbili tofauti. Rekodi ya huyo dada usiiguse hata kipande. Utunzi, kama hukuuhamisha, ni wako. Kama kuna mchapishaji, yaani kampuni ya kusimamia nyimbo, uliyemkabidhi haki, zungumza naye kwanza, kwa maandishi. Watu wengi hukumbuka hili albamu ikishatoka.

Kinanda_Pekee: Nimerudi. Mkataba nimeusoma mara mbili: utunzi ni wangu. Jana usiku nilishusha kii toni mbili, nikapunguza mwendo, nikarekodi kwa simu. Ubeti wa pili, ambao dada yule aliupitia kwa kelele, sasa unasikika kuwa ni wa mtu anayeomba msamaha. Hata mimi niliyeuandika sikuwa najua. Nimemtumia yeye kwanza, kwa adabu. Kajibu "hee!" tu, sijui ndiyo baraka.

Mama_Alto: Ndiyo baraka. Na produsa?

Kinanda_Pekee: Violini tumekubaliana nyimbo mbili. Kwaya imeondoka. Ngoma za kompyuta bado tunanuniana.

Besi_Nene: Mpigaji ngoma nipo naye hapa, njoo inbox.