Nguvu za wanachuo zinaozea stoo, halafu tunaambiwa hatuajiriki!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mnivumilie, maana hili nimekaa nalo kifuani muda mrefu.

Nimechoka kusikia kwamba wahitimu hatuajiriki. Wanaolisema hilo kwa sauti kubwa ni haohao waliotufundisha, na waajiri wanaitikia. Lakini chuoni tumefanya kazi jamani! Mazoezi, ripoti, mawasilisho ya vikundi, tasnifu. Jumlisha saa za darasa moja tu la mwaka wa mwisho, hakuna ofisi ya kawaida yenye nguvukazi kiasi hicho. Nauliza hiyo kazi yote ilikwenda wapi.

Mimi nimeiona ilipo. Siku moja nilitumwa stoo ya idara kuchukua projekta. Nikakuta tasnifu zimejazwa kwenye maboksi hadi usawa wa dirisha, majalada meusi, majina ya watu kwa maandishi ya dhahabu, pembeni viti vilivyovunjika miguu. Nikafungua moja. Mwandishi alikuwa amepima muda ambao wagonjwa wanasubiri kumwona daktari, saa kwa saa, na mwishoni akapendekeza zamu za wauguzi zipangwe vipi ili foleni ipungue. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana kwa gundi ya mjalidi. Chuo hakina utaratibu wowote wa kuipeleka kazi kama ile hospitalini ilikofanyiwa. Ilipewa alama, basi, ikatupwa pale.

Na usidhani fildi ndiyo inaokoa. Mimi nimesoma takwimu. Nilipangiwa ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi, nikawekwa kwenye mashine ya kutoa kopi. Nyuma ya mgongo wangu kulikuwa na kabati limejaa fomu za miaka na miaka ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu. Watu wanalalamikia nini zaidi? Wanatoka mitaa gani? Wanajibiwa baada ya muda gani, na akina nani hawajibiwi kabisa? Hilo ndilo somo langu lenyewe, liko kabatini! Mkuu wa ofisi nilipomwomba alikubali mara moja. Aliyekataa ni chuo. Msimamizi wangu akasema nijaze daftari la mafunzo kama fomu inavyotaka. Siku ya ukaguzi akaja, akasaini kurasa zote kwa mpigo bila kusoma hata mstari, akauliza mahudhurio, akaondoka. Niliporudi nikaomba tasnifu yangu iwe juu ya zile fomu. Jibu: mada hiyo haimo kwenye orodha ya idara. Nikapewa jedwali la mavuno kutoka kwenye kitabu, la mashamba ambayo hakuna aliyewahi kuyalima.

Halafu semista ya mwisho wanatuletea semina ya ajira ya siku moja. Vaa hivi, mtazame msahili machoni, CV isizidi kurasa mbili. CV niiandike nini wakati kazi ya maana niliyoiona nilikatazwa kuigusa?

Kuunganisha masomo na kazi halisi si jambo gumu wala geni. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati kule Marekani, mkuu wa kitivo cha uhandisi Herman Schneider alianza na wanafunzi 27 waliopokezana kati ya darasa na kiwanda, wakirudi darasani na maswali waliyoyatoa kazini. Chuo Kikuu cha Waterloo cha Kanada kikajengwa juu ya mfumo huo tangu kilipoanzishwa mwaka 1957. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada hiyohiyo, kilipofungua shule ya udaktari mwaka 1969 hakikusubiri wanafunzi wamalize vitabu vyote ndipo wakutane na ugonjwa. Waliwekewa tatizo la mgonjwa mezani kwanza, wakatafuta wenyewe sayansi ya kulielewa. Zaidi ya miaka 100 sasa tangu Cincinnati, na sisi bado tunasainiwa madaftari.

Ila mfano unaonichoma zaidi ni wa Flint, mji wa jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji ulibadili chanzo cha maji, ukaanza kuchota mtoni bila kuweka dawa ya kuzuia kutu. Maji yakala mabomba, madini ya risasi yakaingia majumbani, na wakazi walipolalamikia rangi na harufu wakaambiwa maji ni salama. Mwaka 2015 Profesa Marc Edwards wa chuo kikuu cha Virginia Tech na timu yake, wakiwemo wanafunzi, wakafungasha mamia ya chupa za sampuli, wakazituma Flint, wakazi wakakinga maji ya mabomba yao wenyewe, chupa zikarudi maabara. Maofisa wakayapinga majibu mwanzoni. Oktoba mwaka huohuo mji ukarudishwa kwenye chanzo chake cha zamani, maji ya jiji la Detroit.

Sasa sikia kinachoniuma. Kanuni ya Marekani wakati ule ilikuwa hivi: panga sampuli za nyumba kuanzia yenye risasi kidogo hadi yenye nyingi, uende hadi nafasi ya 90 kati ya 100, na ikiwa pale imezidi sehemu 15 kwa bilioni, mamlaka ya maji lazima ichukue hatua. Wakuu, hiyo ni hesabu ya mwaka wa kwanza! Nimeifanyia mtihani na nimeifaulu. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyeniambia kwamba nafasi ya 90 inaweza kuamua kama mtoto anakunywa sumu. Aliyefungasha zile chupa alijifunza kemia, takwimu, kuongea na watu wenye hasira na kutetea majibu mbele ya wakubwa, yote kwa mkupuo. Huyo humuulizi uzoefu.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema chuo si karakana ya kutengeneza waajiriwa, kazi yake ni kupanua akili. Nakubali kabisa kwamba kinapaswa kupanua akili. Lakini akili gani inapanuka kwa jedwali la kubuni ambalo jibu lake liko nyuma ya kitabu? Fomu za malalamiko zina majibu yaliyokosekana, miandiko isiyosomeka, watu waliolalamika mara tano kwa jina tofauti. Pale ndipo ungelazimika kufikiri. Na wanafalsafa na wanahistoria msijitoe, maana swali la kwa nini watu fulani hawajibiwi ni lenu pia.

Wengine watasema walimu wamezidiwa, madarasa yamejaa. Kweli, na ndiyo sababu moja zaidi ya kuacha kusahihisha kazi zilezile kila mwaka. Kazi ambayo hospitali, shule au ofisi ya maji inaisubiri ina msomaji wa pili wa kusaidia kuipima.

Ninachotaka hakihitaji bajeti. Fildi itangulie uchaguzi wa mada, mada itoke huko, na nakala ya tasnifu irudi kwa waliotoa data, ikiwa na kurasa mbili za lugha wanayoielewa. Wadogo zangu waliobaki chuoni wananiambia orodha ya mada ya mwaka huu imeshabandikwa, na ni ileile. Mkuu wa idara yeyote unayesoma hapa, ibandue kabla hawajaanza kujiandikisha.